Mvua, jua, baridi na upepo: namna ya kumfundisha mtoto herufi kwa michezo ya msimu

Wazazi wenzangu na walimu wa chekechea, wengi wetu tunaanzia kwenye chati, tunaibandika ukutani afu tunamwimbisha mtoto a be che de kila siku mpaka anaimba yote bila kukosea, halafu siku moja unamwonyesha K iko peke yake kwenye karatasi anakukodolea macho. Sio kwamba ni mzito jamani, hapana, yeye amejua wimbo tu, herufi bado. Mtoto wa miaka mitatu minne anajifunza kwa mikono na miguu, na kitu kinachombadilishia cha kushika na kuchezea bila wewe kununua chochote ni hali ya hewa. Ndo maana mimi siku hizi nafuata msimu, chati inakuja baadaye.

Mambo mawili kwanza kabla hatujatoka nje. Moja, fundisha sauti kabla ya jina, yani M ni "mmmm" midomo imefungwa, S ni "ssss" kama tairi linatoa upepo, majina ya herufi atayajua tu mbele ya safari. Pili, usiende kwa mpangilio wa a b ch. Anza na herufi ya kwanza ya jina lake mwenyewe, hiyo anaipenda tayari, kisha irabu tano a e i o u, halafu m, l na k. Ukiangalia vizuri, hizo nane tu zinampa mama, kaka, kuku, lala, lima, kula, mlima, kwa hiyo anaanza kusoma maneno ya kweli wakati bado hajafika hata nusu ya herufi zetu 24 (Q na X Kiswahili hatuna, na C haitembei bila H).

Haya, msimu wa mvua. Huu ndo wa M na T, matope, matone, mmmm. Neno mvua lenyewe linafaa kwa kuchangamsha ila kwa kusikia sauti matope ni zuri zaidi, kwa sababu m imefuatwa na irabu hapohapo, ma-to-pe, mtoto anaisikia safi. Mvua ikikatika toka naye, mtafute sehemu yenye tope laini, mchoree M kubwa kama urefu wa mguu wako kwa kijiti, afu atembee juu yake peku akisema mmmm mpaka mwisho wa mstari. Binti yangu alikwama pale kwenye bonde la katikati, akasimama, akashuka na kidole chake akalichimba liwe refu zaidi, akaniambia "hapa inaingia chini". Nilimwacha. Mtoto akishagundua mwenyewe kwamba M ina bonde sio rahisi tena aichanganye na N. Tope likikauka kesho yake mwonyeshe herufi yake bado ipo, imepasukapasuka, apitishe tena kidole kwenye ufa.

Msimu wa jua nao una mchezo ambao kwangu ndo bora kuliko yote na hauhitaji kitu zaidi ya kopo la maji na brashi kuukuu, hata kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti kinatosha. Mwambie aandike J kwenye ukuta au sakafu ya saruji iliyopigwa na jua, jua, joto, jasho, zote J. Akimaliza maji yanaanza kukauka na herufi inapotea mbele ya macho yake, basi atataka kuiandika tena, na tena, anashindana na jua, na wewe hujamwambia "rudia" hata mara moja. Hapo angalia mkono unaanzia wapi, juu kushuka chini, maana tabia ya kuanzia chini ikishaota kuitoa ni kazi kwelikweli.

Jua hilohilo litumie kwa b na d, hizi zinawasumbua watoto wengi na kuna sababu. Kikombe ukikigeuzia mkono kulia au kushoto kinabaki kikombe, mtoto ameishi maisha yake yote akijua hivo, leo unamwambia kijiti na duara lilelile likigeuka ni herufi nyingine! Kata b kwenye kadibodi, shika juani kivuli kianguke chini, kisha igeuze upande wa pili, kivuli kinakuwa d. Acha ageuze mwenyewe mara ishirini akitaka. Ila hii ni baada ya b kukaa vizuri, usizifundishe zote wiki moja, hilo nakusihi.

Wakati wa baridi ni B, baridi, blanketi, na U kwa ukungu, umande. Asubuhi mpeleke kwenye kioo cha dirisha, apumue "haaa" karibu karibu mpaka kifanye ukungu, aandike u kwa kidole. Ukungu ukiisha herufi inapotea, sasa mwambie apumue tena palepale, herufi inarudi! Ni mafuta ya kidole yamebaki kwenye kioo, ukungu haushiki pale vizuri. Hiyo "haaa" yenyewe ni sauti ya H, kwa hiyo umepata mbili kwa mpigo.

Upepo na majani makavu: okoteni majani, myapange yawe herufi chini, upepo ukiyapeperusha mnapanga upya. Wakati wa mavuno panga mbegu juu ya mstari wa herufi, lakini neno mbegu usilitumie kufundishia B wala M, sauti zimeshikana, na nyasi usiitumie kwa N kwa sababu ny ni sauti yake nyingine kabisa, mtoto anasikia tofauti hata kama wewe umeshazoea kutoisikia.

Tahadhari, mbegu na vijiwe sio vya mtoto anayetia vitu mdomoni, na beseni la maji usiliache naye hata dakika moja, maji kidogo tu yanatosha kumzamisha mtoto mdogo.

Muda ni dakika tano mpaka kumi, ukiona ameanza kuangalia pembeni funga hapohapo wakati bado anaitaka. Herufi moja ikae siku kadhaa, wiki hata mbili sio tatizo, na usimpime kwa kumuuliza "hii nini? na hii?" kila saa. Utajua imeingia siku ataiona kwenye mfuko au bango njiani akakuvuta nguo, "mama, ile mmmm yangu ile pale". Siku hiyo mchagulie inayofuata.