Kuchapisha tovuti tuli kwa amri moja

Tovuti yangu ni kurasa chache tuli, yaani faili zilizokwisha kutengenezwa tayari, zinazojengwa na programu ya Hugo na kutumwa kwa wasomaji na nginx, programu ya kutoa kurasa za wavuti, kwenye seva ndogo ya kukodi. Zamani nilizijenga kwenye kompyuta yangu na kuzipakia kwa mkono, hadi siku niliposahau folda ya picha na wasomaji wakakuta visanduku vitupu. Tangu hapo kazi hiyo nimeiachia seva yenyewe.

Kwenye seva, anzisha hazina ya Git (programu ya kutunza matoleo ya faili) kwa amri `git init --bare ~/tovuti.git`, kisha tengeneza folda `/srv/chanzo` na `/srv/tovuti` na uzimilikishe kwa mtumiaji yuleyule unayeingia naye kwenye seva kwa SSH (njia salama ya kuifikia seva kutoka mbali), kwani asipokuwa na ruhusa ya kuandika humo hakuna kitakachoendelea. Ndani ya `~/tovuti.git/hooks` andika faili liitwalo `post-receive`, ambalo Git huliendesha kila inapomaliza kupokea mabadiliko:

```
#!/bin/sh
set -e
toleo=/srv/tovuti/$(date +%Y%m%d%H%M%S)
git --work-tree=/srv/chanzo checkout -f main
hugo --source /srv/chanzo --destination "$toleo"
ln -sfn "$toleo" /srv/tovuti/mpya
mv -T /srv/tovuti/mpya /srv/tovuti/sasa
```

Lipe faili hilo ruhusa ya kuendeshwa kwa `chmod +x`, la sivyo Git italipuuza. Katika nginx, elekeza `root` kwenye `/srv/tovuti/sasa`.

Huenda ukajiuliza kwa nini tusijenge moja kwa moja kwenye folda inayosomwa na nginx. Ujenzi huchukua muda, na ukikwama katikati, mgeni atakuta tovuti nusu mpya nusu ya zamani. Hapa kila toleo lina folda yake, na `sasa` ni kiungo tu kinachoelekeza kwenye folda ya toleo, kinachobadilishwa kwa hatua moja baada ya Hugo kumaliza salama. Hugo ikishindwa, `set -e` husimamisha kila kitu na toleo la jana huendelea kusomwa.

Kwenye kompyuta yako andika mara moja tu `git remote add seva mtumiaji@anwani:tovuti.git`, baada ya hapo, kuchapisha ni `git push seva main`, na majibu ya Hugo utayaona papo hapo kwenye mistari inayoanza na `remote:`. Mtego mmoja ulinipotezea jioni nzima: mandhari (faili za mwonekano wa tovuti) iliyoongezwa kama `submodule`, yaani hazina nyingine iliyounganishwa ndani ya hazina yako, haifiki kwenye `/srv/chanzo` kwa amri hizi, kwa hiyo mimi huinakili yote ndani ya hazina. Matoleo ya zamani hufutwa kwa mkono, ila bakiza mawili matatu, maana ukichapisha kosa utarudi nyuma kwa kukielekeza kiungo `sasa` kwenye folda ya awali.