Mambo ya kuzingatia kabla koa hawajavamia bustani

Ukikaa Kibosho au Uru, juu ya mji wa Moshi, huhitaji kalenda kujua masika yameshika. Unatoka asubuhi kuchuma mnafu, unakuta majani yana matundu na juu yake umepita ute unaong'aa kama gundi iliyokauka. Huyo ni koa, yule konokono asiye na gamba. Ukianza kumtafutia dawa siku hiyo umeshachelewa, maana mayai yake yamo tayari kwenye udongo wenye unyevu. Maandalizi ni ya Februari, mvua za Machi zikiwa bado.

Kabla ya kuchanganya chochote, mjue anayekula. Toka na tochi saa mbili au saa tatu usiku. Koa utamfumania juu ya jani. Sota, yule kiwavi wa udongoni, anakata shina la mche pale linapotokea ardhini, na ukifukua kidogo pembeni unamkuta kajikunja. Vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, wanajazana chini ya majani mpaka yanajikunja. Kanitangaze, kiwavi wa nyanya, anachora njia nyeupe ndani ya jani la nyanya, na kwa kuwa yumo ndani, maji ya sabuni hayamfikii. Nimeona watu wakipulizia mwarobaini wiki nzima kwa ajili ya koa, na koa wala hana habari.

La pili ni maficho. Kihamba chetu, yaani shamba la migomba kuzunguka nyumba, ni pepo ya koa: kivuli cha migomba, majani makavu, mbao zilizosahaulika, vyungu. Sisemi uondoe matandazo kwenye migomba, la hasha, ila kuzunguka tuta la mboga acha kama nusu mita ya udongo mtupu. Na mwagilia asubuhi. Anayemwagilia jioni anamtandikia koa zulia, kwa sababu mwili wake karibu wote ni maji na kwenye udongo mkavu anatembea kwa taabu.

Tegea ukiwa na vitu vya hapo hapo nyumbani. Mgomba ulioshakatwa mkungu, pasua gogo lake vipande vya urefu wa mkono, laza upande wenye majimaji chini, kati ya matuta. Asubuhi na mapema geuza. Utawakuta wamebanana humo, wengine wadogo kama punje ya mchele. Wakusanye kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Vaa glovu au mfuko wa nailoni mkononi, watoto wasiwachezee, na mboga zioshwe vizuri, kwani koa hubeba vimelea.

Mbege, pombe yetu ya ndizi, iliyochacha nayo inawavuta kwa harufu ya hamira. Fukia kopo, mdomo wake ubaki juu ya udongo kidogo ili mende wa ardhini, ambao wengine wanakula koa, wasitumbukie. Lifunike lisiingie mvua. Mama mkwe aliponiona namimina mbege shimoni hakusema neno, alitikisa kichwa tu.

Majivu yanasaidia yakiwa makavu. Mvua moja tu, kwisha. Maganda ya mayai siyategemei. Chumvi usijaribu kabisa: mimi niliizungushia sukuma wiki, koa walikufa kweli, na sukuma nayo ikanyauka. Kahawa ina ukweli wake. Mwaka 2002 watafiti wa Hawaii walichapisha matokeo kwamba maji yenye kafeini ya asilimia 1 hadi 2 yanaua koa. Lakini kikombe cha kahawa ya kawaida kina kafeini kidogo mno kuliko hiyo, kwa hiyo machicha ya kahawa yachukulie kama kizuizi tu.

Kwa vidukari, andaa sabuni ya maji, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji. Sabuni inaua kwa kugusa, basi lowesha chini ya majani. Jaribu kwenye majani mawili matatu kwanza, usubiri kesho yake uone kama yameungua. Mwarobaini huku juu ni wa shida, agiza kwa watu wa Kahe au Himo. Twanga kilo moja ya majani mabichi, loweka kwenye lita tano za maji usiku kucha, chuja, ongeza sabuni kidogo ili ishike. Usitegemee wadudu wadondoke siku hiyo hiyo. Unawazuia kujivua ngozi na kukua, na jua linaumaliza nguvu haraka, kwa hiyo pulizia jioni, nyuki wakiwa wamesharudi mzingani.

Wanaotumia majani ya utupa kama dawa ya wadudu wakumbuke kwamba mmea huo ndio wavuvi walitumia kulevya samaki. Bomba la kupulizia lisioshewe mferejini, kuna watu wanachota huko chini. Na dawa yoyote, hata ya majani, isikae kwenye chupa ya soda.

Mwisho kuna bata. Ukiweza, pata wawili kabla ya masika na uwafungulie alfajiri, wanakula koa kwa bidii ambayo hakuna kibarua anayo. Ila ikifika saa tatu warudishe bandani, maana koa wakishajificha, zamu inayofuata ni ya mchicha.