Kutengeneza mandharinyuma ya tovuti isiyo na mshono kwa picha ya mkeka

Picha ndogo inayojirudia kulia na kushoto, juu na chini, huupa ukurasa wa tovuti sura ya kitu kinachoshikika bila kuulemea, kwa kuwa kivinjari hupakua faili moja tu na kulitandaza skrini nzima. Tatizo lake ni mshono. Ukingo mmoja usipolingana na ule unaoukabili, msomaji huona miraba iliyopangwa kama vigae vya sakafu badala ya uso mmoja. Nitaeleza kwa kutumia mkeka wa ukili, yaani tepe za majani zilizosukwa na kuunganishwa, kwa sababu mkeka wenyewe hujirudia kwa kanuni, na anayeuweza huo hatashindwa na mchanga wala ukuta wa matumbawe.

Kazi kubwa iko katika upigaji picha. Tandika mkeka kivulini au siku ya mawingu, usimame juu yake, na uielekeze kamera chini wima, maana ukiinamisha simu hata kidogo, ukili wa mbali utaonekana mwembamba kuliko wa karibu, nao hautalingana tena. Mwanga nao uwe sawa kote. Picha yenye upande mmoja angavu na mwingine hafifu itazaa mistari ya giza kila inaporudiwa, na kwa maoni yangu ni afadhali kuipiga upya kuliko kuhangaika kuisahihisha.

Fungua picha katika GIMP, programu ya bure inayofanya kazi katika Windows na Linux, kisha uikate. Usikate kwa kukisia. Anza pale ukili mmoja ulipounganishwa na wa pili, uhesabu kili kamili, tatu au nne, na umalizie kwenye kiungo kama kile ulichoanzia. Kwa upande wa pili, hesabu mapindo ya ususi vivyo hivyo. Kipande chenye nusu ya pindo hakitaungana vizuri kwa ufundi wowote. (Kwa sababu hiyohiyo khanga nzima haifai kurudiwa: ina pindo lake na jina lake, hivyo chukua ua moja tu la katikati.) Punguza kipande hicho hadi pikseli 600 kwa 600, alimradi umbo lake halivutiki.

Sasa bonyeza Shift, Ctrl na O kwa pamoja ili kufungua dirisha la Offset. Sogeza picha pikseli 300 kwa kila upande, ukichagua kwamba kinachotoka upande mmoja kiingie upande wa pili. Kingo za zamani zitakutana katikati, na mshono utaonekana kama msalaba. Kingo mpya ni sehemu zilizokuwa jirani ndani ya picha ya awali, kwa hiyo tayari zinalingana. Ziache kama zilivyo. Tumia zana ya kunakili au ya kuponya kufuta msalaba, ukichota miyaa (majani yaliyosukiwa ukili) kutoka mahali penye mwelekeo uleule wa ususi. Ondoa pia doa au mwaa wenye rangi ya pekee, kwa sababu kinachopendeza mara moja huchosha macho kikirudi mara arobaini.

Hifadhi kwa JPEG au WebP ikiwa ni picha ya kamera, na kwa PNG au SVG ikiwa ni nakshi ya rangi chache. Katika CSS, lugha inayopanga mwonekano wa tovuti, andika hivi:

body {
  background-color: #e9dcc0;
  background-image: url("mkeka.jpg");
  background-size: 300px;
}

Kurudia hakuhitaji amri, kwani ndiyo kawaida ya kivinjari. Ukubwa wa 300 huifanya picha ya pikseli 600 ionekane kali kwenye simu zenye skrini nzito kwa pikseli, na rangi iliyotajwa humkaribisha msomaji kabla picha haijafika au mtandao unapokatika.

Maandishi yasikae juu ya ususi moja kwa moja. Yawekee kisanduku cha rangi moja, na tofauti ya mwangaza kati ya herufi na rangi hiyo isipungue 4.5 kwa 1, kiwango ambacho WCAG, mwongozo wa kuzifanya tovuti zitumike na watu wote, unakitaka kwa maandishi ya kawaida. Kisha toka na simu juani, usome aya moja hadi mwisho. Jicho likivutwa na mkeka, fifisha picha na ujaribu tena.