Kiti cha waya cha Bertoia kikishaliwa na kutu

Usianze na rangi. Kiti cha waya kinafia pale waya mbili zinapopishana, maana chumvi ya bahari hujificha hapo. Ndiyo maana hapa Dar kiti kilichokaa baraza la Masaki, kando ya bahari, huwahi kuoza kuliko cha Kimara, mbali na maji.

Kioshe kwa sabuni na maji baridi, kikauke, kisha kigeuze miguu juu. Bonyeza kila makutano kwa dole gumba. Palipoachia patalia "tki". Tia alama ya chaki. Usiruke hata sehemu moja, hata mteja akikuharakisha.

Sasa kuchomelea. Harry Bertoia, Mtaliano aliyehamia Marekani akiwa kijana, alikuwa msanii wa vyuma. Viti vyake vilitolewa na kampuni ya Knoll mwaka 1952, kile cha Diamond kikiwa maarufu zaidi, na mwenyewe alisema kwa sehemu kubwa ni hewa tupu, kama sanamu. Basi donge moja la welding linaonekana tangu getini. Tumia rodi nyembamba, moto mdogo, donoa na kuachia. Ukikazana, waya unakatika. Malizia kwa tupa. Grenda hapo itakula waya mzima.

Kama kina kromu, hadithi ni nyingine: msasa marufuku. Kutu jepesi sugua kwa foili ya jikoni iliyoloweshwa maji. Na usichomelee juu ya kromu, moshi wake ni sumu.

Kisicho na kromu, kata msasa vipande virefu vyembamba, zungushia waya, vuta huku na huku kama mng'arisha viatu wa Posta. Inachosha, lakini brashi ya waya peke yake haifiki chini ya makutano. Futa vumbi kwa tina, kisha piga red oxide, rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, siku hiyohiyo. Ukikilaza uchi, kwa unyevu wa Dar asubuhi utakikuta kimeanza wekundu. Makutano yapake kwanza kwa brashi ndogo, ndipo upulizie kwa kompresa, tabaka mbili tatu nyepesi. Masika usipulizie nje.

Vingi ninavyoletewa hapa Keko ni vya kuiga, na kazi ni ileile. Rangi ya mwisho mimi napendekeza nyeusi au nyeupe. Akitaka dhahabu nampigia dhahabu, ila picha simpostii.