Kupeleka mabadiliko ya Salesforce bila kuvuruga kazi ya ofisi

Ukiwatengenezea mawakala wa forodha wa Mombasa programu ndani ya Salesforce (mfumo wa mtandaoni wa kusimamia taarifa za wateja na kazi), acha kubadilisha mambo moja kwa moja kwenye mfumo unaotumika. Meli ikishafunga gati Kilindini, karani anayefuatilia kontena hana nafasi ya kungoja urekebishe fomu.

Anza na Git, programu inayotunza kila toleo la faili zako. Vuta mipangilio ya Salesforce kwa amri ya `sf project retrieve start`, ihifadhi, na kuanzia hapo Git ndiyo yenye kauli ya mwisho. Kila kazi ipate tawi lake (nakala ya kando ndani ya Git) na mazingira yake ya muda. Mazingira hayo, yaitwayo Scratch Org, huishi siku 7 usipotaja muda mwingine, na haivuki 30, kwa hiyo usiache humo kitu ambacho hakijaingia Git.

Kabla ya kupeleka, endesha `sf project deploy validate --test-level RunLocalTests`. Salesforce hudai majaribio yapitie angalau asilimia 75 ya msimbo wa Apex, lugha ya programu ya Salesforce. Tafadhali usiandike majaribio matupu ili kufikisha namba tu: pima, kwa mfano, kama kontena lililopitisha siku za bure linatozwa sawasawa. Uhakiki ukipita, una siku 10 za kupeleka mabadiliko kwa `sf project deploy quick` bila kurudia majaribio. Fanya hivyo jioni, makarani wakishaondoka.

Panapokwama zaidi ni profaili, yaani faili lenye mipangilio na ruhusa za aina fulani ya watumiaji: ukiivuta peke yake, faili hutoka pungufu. Ruhusa ziweke kwenye seti za ruhusa (permission sets). Na uga (sehemu ya kujazia taarifa kwenye fomu) uliofutwa kwenye Git haufutiki wenyewe kwenye mfumo. Uorodheshe katika `destructiveChanges.xml`, faili la vitu vya kufutwa.