Kuchukua sampuli za choo mlipuko wa kutapika na kuhara unapozuka bwenini

Norovirusi, virusi vinavyoleta kutapika na kuhara, huingia bwenini kwa kishindo na kutoka upesi. Mwanafunzi huanza kutapika saa 12 hadi 48 baada ya kuambukizwa, na kwa kawaida baada ya siku moja hadi tatu huwa amepata nafuu. Kwa hiyo afisa wa afya anayefika shuleni siku ya tano, iwe Bungoma, Ahero au Molo, hukuta watoto wamerudi darasani, sakafu imedekiwa na ushahidi wote umemwagwa chooni. Ukisikia habari leo, nenda leo.

Usianze kwa kuwaza virusi. Kisumu na nyanda za Nyando, hasa baada ya mafuriko, choo chepesi cheupe kama maji ya mchele kihesabu kuwa kipindupindu mpaka maabara ikanushe. Mpigie afisa wa ufuatiliaji wa magonjwa wa kaunti ndogo siku hiyohiyo. Chovya swabu (kijiti chenye pamba nchani) kwenye choo kibichi, iingize ndani kabisa ya kichupa cha Cary-Blair, yaani chenye rojo la kuwahifadhi bakteria njiani, kisha kiweke kivulini bila barafu, maana bakteria wa kipindupindu hudhoofishwa na baridi. Swabu hii ichukuliwe kabla ya antibiotiki, lakini maji ya chumvi na sukari yasimsubiri mtu: mgonjwa anywe kwanza, sampuli baadaye.

Dalili za kukuelekeza kwenye norovirusi ni zile alizochapisha mtafiti Kaplan na wenzake mwaka 1982: zaidi ya nusu ya wagonjwa wanatapika, ugonjwa hukaa saa 12 hadi 60 kwa wastani, muda kati ya kuambukizwa na kuugua ni kama saa 24 hadi 48, na maabara haioni bakteria kwenye choo. Vigezo hivi havihitaji mashine, vinahitaji daftari. Andika kila mgonjwa: umri, kidato, bweni na nambari ya kitanda, alichokula, maji aliyokunywa, dawa aliyomeza, na saa aliyoanza kuugua. “Jana usiku” haitoshi. Muulize kama ilikuwa kabla ya taa kuzimwa au baada, kabla ya uji au baada. Saa hizo ukizichora, wagonjwa wakirundikana kwa pamoja shuku chakula au maji. Wakiongezeka ngazi kwa ngazi, kitanda kwa kitanda, shuku kuambukizana.

Sasa makopo ya sampuli za virusi. Tafuta ya plastiki yenye mfuniko wa kuzungusha, yasiyovuja, yasiyo na dawa yoyote ndani. Kopo lililotiwa fomalini kwa ajili ya minyoo halifai, kwa sababu fomalini huharibu kipimo cha PCR, kile kinachotafuta chembe za urithi za virusi. Chukua choo cha wagonjwa wasiopungua watano, ndani ya saa 48 hadi 72 tangu waanze kuugua, kingali chepesi. Kwa kila mmoja mililita 10 hadi 50 zinatosha. Usijaze kopo, kwani gesi hujikusanya na mfuniko huachia njiani. Swabu ya njia ya haja kubwa hubeba choo kidogo mno; kwa virusi tunaiona kuwa njia ya mwisho, si mbadala wa kopo. Matapishi yanaweza kuongezwa, lakini yasichukue nafasi ya choo.

Vyoo vya shule nyingi ni vya kuchuchumaa, kwa hiyo mpe mwanafunzi beseni. Hapa ndipo sampuli nyingi huharibika pasipo mtu kujua: beseni limesafishwa kwa Jik na kuachwa na majimaji, na klorini inavunjavunja RNA, yaani chembe za urithi za virusi, hata kabla kopo halijafungwa. Lisuuze kwa maji safi mara mbili, likauke. Akojoe kwanza, pembeni. Kijana wa kidato cha pili huona haya mbele ya wenzake, mwite kando, mwambie kwa sauti ya chini, “Kijana, kijiko kimoja au viwili tu, mfuniko ukaze, uniletee mwenyewe.” Metroni akisaidia upande wa wasichana, kazi huenda vizuri zaidi.

Bandika lebo kwenye kopo lenyewe, kamwe si kwenye mfuniko, maana mifuniko hubadilishana. Andika namba ya daftari, tarehe na saa ya kuugua, na tarehe na saa ya kuchukua. Tumia penseli au kalamu isiyofutika; wino wa kawaida huyeyuka barafu inapotoa jasho.

Funga tabaka tatu: kopo, chombo cha pili kisichovuja chenye pamba ya kufyonza, kisha kasha la nje lenye pakiti za barafu. Weka nyuzi 4 za Selsiasi. Kwenye friji la nyuzi hizo choo cha kupima virusi hudumu wiki mbili. Usikigandishe na kukiyeyusha tena na tena, kila mzunguko hupunguza RNA. Kama kitahifadhiwa muda mrefu, maabara ikigawe katika vichupa vidogo na kukiweka kwenye nyuzi 70 chini ya sifuri. Piga simu kabla ya kusafirisha, hata kama unapeleka KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, pale Kisian, Kisumu: sampuli zikifika Ijumaa jioni bila mpokeaji, barafu itayeyuka zikiwa mlangoni.

Omba wapime norovirusi za makundi ya GI na GII, na virusi vingine vya kuhara: rotavirusi A, sapovirusi, astrovirusi na adenovirusi 40/41. Matokeo yasomwe kwa uangalifu. Norovirusi hupatikana pia kwa watu wasioumwa, na aliyepona anaweza kuitoa kwa wiki kadhaa. Kopo moja lenye virusi halitoshi kuwa jibu. Tafuta angalau wagonjwa wawili, na aina ileile ya kijenetiki. Ukitaka kuifanya kazi hii utafiti, ongeza sampuli za wasiougua wa bweni hilohilo. Hapo utahitaji kibali cha kamati ya maadili, ridhaa ya mzazi na kukubali kwa mtoto mwenyewe. Sahihi ya mwalimu mkuu haitoshi.

Sampuli zikishafungwa, safisha. Vaa glavu na barakoa, ondoa matapishi kwanza kwa karatasi, kwani uchafu hula klorini. Chupa ya Jik ikiwa imeandikwa klorini 3.5%, changanya sehemu 1 na maji sehemu 6 kwa mahali palipotapikiwa, sehemu 1 na maji 34 kwa vitasa, bomba na vitanda. Acha dakika 10 kabla ya kusuuza. Mikono ni sabuni na maji yanayotiririka. Kitakasa mikono cha alkoholi hakiiwezi vizuri norovirusi. Mpishi aliyeugua asirudi jikoni mpaka saa 48 zipite tangu dalili ya mwisho, na mshahara wake usikatwe kwa siku hizo, la sivyo ataficha ugonjwa na kurudi kupakua ugali.