Kusoma viashiria vya kinga kwenye damu ya mgonjwa wa virusi vya njia ya hewa

Mwongozo huu ni kwa tabibu, muuguzi au mtaalamu wa maabara aliyeshika majibu ya damu ya mtu mzima aliyelazwa kwa UVIKO-19, influenza au virusi vingine vya njia ya hewa, na anayetaka kujua kama ugonjwa unazidi au unapungua.

Hatua ya 1: Andika siku ya ugonjwa na pima oksijeni

Juu ya fomu ya maabara andika ni siku ya ngapi tangu dalili zianze, na dawa ambazo mgonjwa ameshapewa. Bila mambo hayo mawili, majibu yatakayofuata hayasomeki vizuri. Kisha pima oksijeni kwa kifaa cha kidoleni na uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Oksijeni chini ya asilimia 90 au pumzi zaidi ya 30 kwa dakika ni ugonjwa mkali hata kama damu haina kasoro yoyote. Mpe oksijeni, usisubiri majibu. Kumbuka pia kwamba kifaa cha kidoleni huweza kuonyesha namba ya juu kuliko hali halisi kwa mwenye ngozi nyeusi. Namba ikigongana na unachokiona kwa macho, amini macho.

Hatua ya 2: Chota damu kwa mpangilio

Majibu mengi ya ajabu huzaliwa hapa. Anza na kichupa cha kifuniko cha bluu (cha D-dimeri, mabaki ya damu iliyoganda na kuyeyuka), kisha cha serumu (majimaji yanayobaki damu ikishaganda), na cha zambarau, cha kuhesabu chembe, kije mwisho. Dawa ya kuzuia kuganda iliyomo kwenye kile cha zambarau ikiingia kwenye serumu, hupandisha potasiamu na kushusha kalsiamu kwa uongo.

Cha bluu kijazwe hadi mstarini, kwa sababu kipimo chake ni sehemu 9 za damu kwa sehemu 1 ya dawa. Cha zambarau kigeuze taratibu mara 8 hadi 10 mara tu kinapojaa. Usikitikise. Kikicheleweshwa, mabonge madogo ya damu iliyoganda hujitokeza na kunasa chembe, na mashine itatoa hesabu ya chini ambayo mgonjwa hana. Ukifunga mkono kwa muda mrefu au ukivuta bomba la sindano kwa nguvu, chembe nyekundu hupasuka na LDH (kimeng'enya kinachovuja seli zikiumia) iliyomo ndani yake humwagika. Serumu ikiwa na rangi ya waridi, usiitumie kwa LDH, chota upya.

Hatua ya 3: Hesabu limfosaiti kwa idadi, si kwa asilimia

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Limfosaiti na nyutrofili ni aina mbili za chembe nyeupe za kinga. Chukua jumla ya chembe nyeupe, zidisha kwa asilimia, gawa kwa 100. Mfano: chembe nyeupe 6.2 × 10⁹ kwa lita, nyutrofili asilimia 82, limfosaiti asilimia 9. Jumla ya 6.2 ni ya kawaida kabisa, na anayeishia hapo ataona mgonjwa yuko salama. Lakini limfosaiti ni 6.2 × 9 ÷ 100, yaani takriban 0.56. Kwa mtu mzima chini ya 1.0 ni pungufu, na chini ya 0.5 ni upungufu mkubwa.

Sasa gawa nyutrofili kwa limfosaiti: 5.08 ÷ 0.56 ni karibu 9. Kwa mtu mzima mwenye afya uwiano huu kwa kawaida huwa kati ya 1 na 3. Limfosaiti hupungua kwa sababu nyingine zimehamia kwenye mapafu, nyingine zinakufa katikati ya uvimbe mkali wa mwili, huku nyutrofili zikimwagwa kwa wingi kutoka kwenye uboho.

Kabla ya kuwalaumu virusi, uliza kuhusu VVU, kifua kikuu, dawa za saratani na steroidi, kwani vyote hushusha limfosaiti. Wala usitumie viwango hivi kwa mtoto mdogo: kwake limfosaiti kuzidi nyutrofili ni jambo la kawaida.

Hatua ya 4: Soma CRP kwa mwelekeo wake

CRP ni protini ya damu inayopanda mwili unapokuwa na uvimbe. Hakikisha kwanza kipimo ni miligramu kwa lita; maabara nyingine hutoa kwa desilita, na 12 ya huko ni 120 ya huku. CRP hutengenezwa na ini kwa amri ya interlukini-6 (kemikali ya ujumbe ya chembe za kinga), huanza kupanda baada ya saa 6 hadi 8 na hufika kileleni karibu saa 48. Nusu yake huondoka kila baada ya saa 19 hivi. Kwa hiyo kama ini lingeacha kabisa kuitengeneza, 120 ya leo ingekuwa kama 50 kesho saa ileile. Ikibaki 115, moto bado unawaka.

Katika utafiti wa RECOVERY, jaribio kubwa la dawa za UVIKO-19 lililoanzia Uingereza, tosilizumabu (dawa inayozuia interlukini-6) ilijaribiwa kwa wagonjwa wa UVIKO-19 wenye CRP ya 75 au zaidi ambao pia walikuwa na upungufu wa oksijeni. Masharti yote mawili yalihitajika.

Hatua ya 5: Tumia prokalsitonini kuuliza kuhusu bakteria

Prokalsitonini ni protini ya damu inayopanda hasa kwa maambukizi ya bakteria. Ikiwa chini ya mikrogramu 0.25 kwa lita, nimonia ya bakteria haielekei sana, kwa kuwa intaferoni-gama, kemikali ya kinga inayotolewa dhidi ya virusi, huizuia isipande. Ikipanda, angalia figo kabla ya kuandika antibiotiki: figo zikishindwa, prokalsitonini hupanda yenyewe, na UVIKO-19 kali nayo huweza kuipandisha bila bakteria.

Feritini (protini inayohifadhi madini ya chuma), LDH na D-dimeri huongeza uzito tu. Kwa D-dimeri, soma aina ya kizio, kwani maabara hutumia FEU au DDU: namba ya FEU ni karibu mara mbili ya DDU kwa damu ileile.

Hatua ya 6: Rudia, ukijua dawa imefanya nini

Kwa mgonjwa anayetumia oksijeni, rudia hesabu ya chembe na CRP baada ya saa 24 hadi 48, maabara ileile ikiwezekana. Deksamethasoni, ambayo ni steroidi, hupandisha nyutrofili na kushusha limfosaiti ndani ya saa chache, hivyo uwiano unaweza kuruka kutoka 5 hadi 10 huku mgonjwa akipumua vizuri zaidi. Linganisha majibu ya kabla ya dawa yenyewe kwa yenyewe, na ya baada ya dawa vivyo hivyo.

Tosilizumabu ni mtego mbaya zaidi. Huziba amri ya interlukini-6 inayofika kwenye ini, CRP ikaporomoka na kukaa chini kwa wiki kadhaa hata bakteria wakiwa wameshaingia kwenye damu. Kwa mgonjwa huyo, homa mpya, shinikizo la damu kushuka au makohozi kubadilika rangi yatoshe kuotesha damu maabara ili kutafuta bakteria, CRP ikiwa 3 au 300.